Kozi ya Nafsi ya Mtu wa Magharibi: Swali Langu la Kitubio Lilivyochekwa

Nililipia kozi hii ya mtandaoni miezi kadhaa iliyopita kwa sababu iliahidi kueleza jinsi Ukristo ulivyowazoeza watu wa Ulaya kujiona, kila mmoja, kuwa nafsi yenye hesabu yake yenyewe, kabla ya kuwa mtu wa ukoo au wa bwana fulani. Naandika nikiwa bado na hasira.

Mhadhiri alianza na Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, mbele ya Baraza la Worms, mkutano wa dola huko Ujerumani ambako mwaka 1521 alikataa kuyakana maandishi yake kwa ajili ya dhamiri yake, kana kwamba hadi siku hiyo hapakuwa na Mzungu aliyewahi kujihoji moyoni. Nikauliza, kwa adabu zote, mbona ameuruka Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki wa mwaka 1215, ulioagiza kila muumini, awe mwanamume au mwanamke, akishafikia umri wa kupambanua mema na mabaya, afanye kitubio, yaani aungame dhambi zake, peke yake kwa padre wake angalau mara moja kwa mwaka, na padre atakayetoa siri hiyo avuliwe upadre na kufungiwa katika monasteri kali. Mkulima asiyejua kusoma alitakiwa kuipekua dhamiri yake na kusema "nilitenda", wala si "tulitenda". Mhadhiri akacheka, akasema maswali ya katekisimu nikamuulize katekista wangu, kisha akanizimia kipaza sauti. Sikujua kwamba kuwa mtoto wa katekista, kama nilivyo, ni kosa la kitaaluma.

Tena Luther mwenyewe alikuwa mtawa aliyeungama kwa muda mrefu hadi akamchosha mlezi wake wa kiroho, Johann von Staupitz. Dhamiri aliyoitetea Worms ilifunzwa wapi kama si huko? Na pale hakudai kwamba dhamiri yake iko huru, bali kwamba imetekwa na neno la Mungu.

Haki isemwe: katika kipindi cha ndoa kununa kulinishinda. Alieleza jinsi sheria ya Kanisa ya karne ya 12, hasa wakati wa Papa Alexander III, ilivyotambua kwamba ridhaa ya wawili wenyewe yatosha kufunga ndoa, hata wazazi wakikataa, nami nikaacha chai ikapoa. Lakini mtu anayeyajua hayo anawezaje kulicheka swali la mwaka 1215?

Nilikusudia kutoa nyota moja. Naweka tatu, hapana, mbili, na ya pili ni ya kipindi cha ndoa. Ombi langu la kurudishiwa nusu ya ada halijajibiwa.