Sanduku la futi 6 la mjusi wangu: uzoefu wangu na fundi, taa na thamostati

Baridi ya Julai ndiyo iliyonipeleka kwa fundi. Nina mjusi mwenye ndevu, yule wa asili ya Australia ambaye kisayansi huitwa Pogona vitticeps. Niliachiwa na jirani aliyehama nchi, na kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) tulikishughulikia kabla mjusi hajavuka mlango wangu. (Tafadhali usiokote kenge au kinyonga porini ukamfuge. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali.)

Alikuja na tangi la kioo la futi 3. Wakati wa joto lilitosha kwa shida. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti siku hupita na mawingu matupu, usiku joto likishuka hadi nyuzi 10 na kitu. Kioo hakihifadhi joto. Kila asubuhi nilimkuta amejikunyata pembeni, rangi imefifia na kuwa nyeusi, nyenje wa jana bado wanatembea mbele yake. Mjusi hana joto lake mwenyewe, na asipopata la nje hata tumbo halisagi chakula. Niliumia kumwona vile.

Nilikwenda kwa mafundi wa fanicha walioko kando ya Ngong Road, nikiwa na mchoro wa sanduku la futi 5 na nusu. Fundi niliyempata, mzee mtulivu, aliutazama kisha akaniambia, "Dada, fanya 6 kwa 2 kwa 2. Plaiwudi ni 8 kwa 4. Nikiipasua katikati napata mbili za 8 kwa 2, na kila moja inanipa kipande cha 6 na kingine cha 2. Hupotezi kitu." Ni kweli. Plaiwudi mbili za marini (zile zinazostahimili unyevu) za milimita 18 zilitoa sakafu, paa, mgongo na ubavu wote, na mabaki yakawa fremu ya mbele. Mimi nilikuwa nimekuja na kompyuta nzima ya hesabu kichwani, naye akaimaliza kwa dakika moja. Mbao, vioo viwili vya kuteleza na kazi yake vilinigharimu shilingi 26,000, na alimaliza siku aliyoahidi.

Mambo mawili tulibishana, na nafurahi kwamba sikulegea. Kwanza, matundu ya hewa. Alitaka kuyatoboa juu pande zote mbili ili sanduku lipendeze. Nilimwomba ya upande wa baridi yawe chini na ya upande wa taa yawe juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda: inatoka huku, baridi inaingia kule, na hewa haikai palepale. Pili, vanishi. Nilitaka ile ya maji, si ya mafuta, na bado sanduku lilikaa wazi kwenye veranda wiki mbili mpaka harufu ikaisha kabisa. Mnyama atakayeishi ndani anavuta hewa hiyo saa 24.

Sasa taa, na hapa ndipo nilipokaribia kuunguza nyumba. Nilinunua balbu ya halojeni ya wati 100 kwa ajili ya mchana, na kipasha joto cha kauri cha wati 100 kwa ajili ya usiku kwa sababu hakitoi mwanga. Vyote ni vya skrubu, wakati holda nyingi za nyumba zetu ni za pini. Duka moja mjini likaniuzia holda za skrubu za plastiki, muuzaji akisisitiza kuwa zitavumilia. Usiku wa pili nilisikia harufu. Holda ya kipasha joto ilikuwa imelainika na kuinama. Mjusi alikuwa hajahamia bado, namshukuru Mungu. Nunua holda ya kauri, hata ukilazimika kuzunguka Luthuli Avenue nzima, na uzungushie kipasha joto kizimba cha waya ili mjusi asikiguse.

Kama ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu cha kusifu, ni thamostati, yaani kidhibiti joto. Bila hiyo, jiwe bapa la Mazeras nililoliweka chini ya halojeni lilifika nyuzi 52, nilipolipima kwa kipimajoto cha kulenga. Hapo ngozi ya tumbo inaungua. Thamostati ya kufifisha taa imelishikilia kwenye nyuzi 40, na upande wa pili wa sanduku unabaki 25 au 26. Thamostati nyingine, ya kuwasha na kuzima tu, niliiweka kwenye kile cha kauri, isiruhusu usiku kushuka chini ya 20. Usiichanganye na halojeni, taa itapepesa siku nzima. Na futi 6 ndizo zinazoleta tofauti hiyo ya joto; kwenye tangi la zamani palikuwa na moto au baridi, hakuna katikati.

Mrija wa UVB (taa ndefu inayotoa miale isiyoonekana kama ile ya jua) nimeufunga ndani, juu ya jiwe lilelile, kwa sababu kioo huzuia miale hiyo. Bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, na mifupa hulainika hata akila kalisi kila siku.

Kuhusu stima, naona natumia takriban uniti 2 kwa siku kwa sanduku lote, na tokeni zimepanda kwa kiasi ninachokimudu. Ikipotea usiku, mbao zinanisaidia: usiku mmoja, baada ya kukaa saa tatu bila stima, ndani palikuwa bado nyuzi 18, sebuleni ni 14. Nikaongeza blanketi juu ya vioo, nikiacha matundu wazi.

Tangu ahamie, kabla ya saa mbili asubuhi yuko juu ya jiwe, amejitandaza bapa, rangi imekuwa ya mchanga. Akishashiba joto hufungua mdomo, halafu anashuka mwenyewe kwenda upande wa baridi. Nyenje hawalali tena humo.

Fundi nampa nyota tano kati ya tano. Kasoro pekee ni reli ya vioo, inashika mchanga na kukwama. Nimempigia simu, amesema Jumamosi anakuja kuinyanyua kidogo.