Sufu mbichi ya kusokota kwa mkono: ya kondoo gani, na uikague vipi

Gunia langu la kwanza la sufu nililinunua bila kulifungua. Kilo 5, bei ya kutupa, muuzaji ana haraka. Nilipolimwaga uani nikakuta samadi iliyokauka, kishona nguo tele, na manyoya ya tumboni yaliyoshikana kama mkeka. Baada ya kuchambua na kuosha nikabaki na kilo 1 na nusu. Hiyo bei ya kutupa, ukipiga hesabu, niliilipa zaidi ya mara tatu.

Siku hizi nafika kwa mfugaji mwenyewe siku anayokata. Kwa Kenya, kondoo wa sufu watafute kwenye nyanda za juu zenye baridi: Molo, Mau Narok, Kinangop, Timau.

Anayeanza namshauri Corriedale, mbegu iliyotokea New Zealand kwa kupandisha Merino na Lincoln. Unyuzi wake ni wa sentimita 9 hadi 15 hivi, unashika vidoleni bila kukwama, na mafuta yake hayakupi kazi kubwa. Sweta, kofia, hata blanketi, yote inafanya. Mfugaji akiwa nayo, usihangaike zaidi.

Ya pili naiweka Hampshire Down, na najua wapo watakaobisha. Ni kondoo wa nyama, unyuzi wake mfupi, sentimita 5 hadi 9. Lakini ibane kiganjani kisha uachie: inafutuka mara moja. Pia haishikani upesi ikifuliwa, ndiyo maana soksi zangu zote ni zake. Bei jadiliana bila haya, mwenyewe hesabu zake ziko kwenye nyama.

Merino ni ya tatu, na si kwa ubaya. Ni laini mno, unene wa unyuzi ni maikroni 24 kushuka (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), skafu yake hukaa shingoni bila kuwasha. Tatizo ni mafuta: karibu nusu ya uzito unaolipia inaweza kwenda na maji. Tena ukiichezea kwenye beseni inageuka donge. Ingoje mpaka mkono uzoee.

Manyoya ya sungura wa Angora yana joto kuliko yote hapa, ila yanateleza. Nunua gramu chache, uchanganye na Corriedale. Dorper na kondoo mwekundu wa Kimaasai waache, wana nywele.

Sasa ukaguzi, na hapa usiwe na haraka hata mwenye mali akikunja uso. Chomoa kishungi kidogo begani na kingine pajani. Shika ncha zote mbili, sogeza karibu na sikio, vuta kwa ghafla. Kikilia kama uzi wa zeze, sufu ni nzima. Ukisikia kinachanika, au kikikatika katikati, huyo kondoo alipita njaa au ugonjwa, na uzi wako utakatika papo hapo kila siku. Halafu ikung'ute: vikianguka vipande vifupi vingi, mkataji alirudia makasi mahali pamoja, na vipande hivyo vitakuwa vidonge kwenye uzi. Omba sehemu za tumbo, miguu na mkia ziondolewe kabla ya mizani, si baada.

Kabla ya kuchukua gunia zima, nunua gramu 200 ukajaribu nyumbani. Itie kwenye neti ya vitunguu, izamishe kwenye maji ya nyuzijoto 60 hivi yenye sabuni ya vyombo, iache dakika 20. Usikoroge, usisugue. Itoe maji yangali moto, maana yakipoa mafuta yanarudi kwenye nyuzi. Suuza kwa maji ya joto lile lile, anika kivulini juu ya waya. Ikikauka, ichambue kwa vidole, kisha uichane. Kama huna machanuo ya sufu, brashi mbili za mbwa zenye meno ya waya zinatosha kwa kuanzia.

Usisahau kuipima tena kabla ya kuichana. Zikibaki gramu 120, sufu ya shilingi 200 kwa kilo umeinunua kwa zaidi ya 330. Bei hiyo ndiyo ya kwenda nayo kwa mfugaji mnapozungumzia gunia.