Kusoma Mmed hospitali ya rufaa: ulizia usiku kwanza

Naandika hii kwa madaktari mnaojaza fomu za Mmed, yaani masomo ya udaktari bingwa, sahivi, mana kila mwaka inboksi inajaa swali lile lile, dokta vipi pale pazuri? Nimesoma uzazi na magonjwa ya wanawake kwenye hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania, miaka mitatu, jina sitaji, ila nitasema nilichokiona.

Kesi zipo. Zipo mpaka unachoka. Mama analetwa na rufaa kutoka wilayani, kifafa cha mimba, kondo la nyuma limetangulia, kizazi kimepasuka, vile ambavyo kitabu kinakwambia ni nadra wewe unavikuta ndani ya wiki moja. Mkono unakuwa mwepesi haraka sana, hapo naipa maksi zote. Na wakunga wazoefu wa leba nawavulia kofia, mwaka wa kwanza karibu nusu ya nilichojua nimetoa kwao.

Ila kupata mkono na kufundishwa ni vitu viwili. Meja raundi, ile ya bingwa kupita wodini na timu nzima, watu kama 30 wamezunguka kitanda kimoja, interni, daktari mpya wa mafunzo, yuko nyuma hasikii kitu, bingwa anauliza swali ukikosa unafokewa mbele ya mgonjwa na manesi, halafu jibu lenyewe huambiwi, kasome. Logibuku, daftari la kazi ulizofanya, ndo kabisaa, inasainiwa siku ya mwisho ya rotesheni rundo zima, bingwa anasaini huku anaongea na simu, hajui kama ile fistula ulishona wewe au ulishika tu ritrakta, kile chuma cha kupanua kidonda. Hili linaniuma mpaka leo, mana ile logibuku ilitakiwa iwe sehemu ya mtu kukaa na wewe akuambie hapa uko vizuri, hapa bado.

Sasa kitu ambacho nawaomba mkiulizie kabla ya kingine chochote ni usiku. Mchana kila hospitali ina mabingwa koridoni. Saa nane usiku je, koli ya juu yako, yaani mkubwa wako wa zamu, ni nani, na anakuja au anaishia kwenye simu? Pale kwetu ilitegemea jina lililoko kwenye rosta. Wengine ukipiga anakwambia endelea tu dokta, anakata. Na alikuwepo mmoja, niko mwaka wa pili, nimefanya upasuaji mtoto katoka salama, kizazi kimegoma kusinyaa, oksitosini imeingia, misoprostoli imewekwa, damu inashuka tu, mtu wa usingizi anasema presha inaenda. Huyo bingwa akafika na ndala, akanawa, akasimama ng'ambo ya meza, sindano hakuninyang'anya. Akakibana kizazi kwa mikono miwili akasema shona B-Lynch, ule mshono wa kukibana kizazi, anzia hapa chini, usikimbie nimeshika. Nikashona, damu ikakata. Baadaye tukakaa koridoni ananiuliza ungeita damu saa ngapi, kwanini hukuita kabla, bila kufoka, mpaka moning ripoti ikakaribia. Hadi leo nikishika kizazi kimelegea naagiza damu na kuita mtu mapema sana.

Kuna dodoso linaitwa PHEEM, lilitoka Uingereza 2005, maswali 40 kila moja alama 0 mpaka 4, jumla 160, linapima uhuru unaopewa kazini, ufundishaji, na msaada unaoupata. Linauliza mpaka chakula cha zamu na pa kulala. Nikilijaza kwa haki pale kwetu panaangukia kwenye 81 hadi 120, yaani mazuri yanazidi ila kazi bado ipo, na alama nyingi zinapotea kwenye msaada. Chumba cha koli vitanda viwili, neti imetoboka, wanawake wanaume humo humo, maji ni bahati yako. Usiku unakula chipsi mayai za getini, muuzaji akifunga mapema ndo imetoka hiyo. Na asubuhi ukitoka koli hakuna kulala, unaunganisha raundi halafu kliniki, mtu amekesha hivo ndo anaandikia mama magnesiamu salfeti, dawa ambayo ukizidisha inazima pumzi, jamani hapa sio kudeka, mgonjwa ndo anayebeba hatari.

Hela: kama mwajiri hajakuruhusu na mshahara wako na huna ufadhili jipange kweli kweli, ada unalipa na wodini unapiga kazi kama mwajiriwa. Utafiti pia ni mfuko wako.

Mimi ningepachagua tena kwa ajili ya kesi. Ila wewe kabla hujalipa ada nenda jioni, tafuta residenti, daktari anayesomea ubingwa, wa mwaka wa pili, sio wa tatu mana huyo keshazoea, muulize mara ya mwisho bingwa kuingia thieta usiku ilikuwa lini. Akifikiria sana kabla ya kujibu, angalia chuo kingine. Na ukishaingia, protokali ya disetesheni, yaani mpango wa utafiti wako, anza mwaka wa kwanza, kibali cha maadili kinakula miezi.