Kabla Hujanunua Inveta ya Kuunganisha na Mfumo wa Nyumba, Uliza Namba Zake Huchelewa Kiasi Gani

Malalamiko yanayonifikia mara nyingi kutoka kwa watu waliofunga umeme wa jua majumbani hayahusu paneli wala betri, bali yanahusu namba zinazochelewa. Mtu ameambiwa kwamba inveta yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uweze kutumika nyumbani, ina Wi-Fi, ameiunganisha na Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumba vyenyewe, ili hita ya maji iwake jua linapozidi na izime wingu linapopita, kisha anagundua kwamba hita inabaki kuwaka jua likiwa limeshafichwa na inazimwa likiwa limerudi. Anahangaika kurekebisha masharti ya otomatiki usiku kucha, ilhali tatizo alilinunua dukani.

Kwa hiyo sitazungumzia ukubwa wa inveta, idadi ya fezi, ufanisi wala waranti, kwa sababu hayo kila muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Ninazipanga inveta kwa kigezo kimoja tu: umeme ukibadilika ndani ya inveta, zinapita sekunde ngapi hadi mfumo wa nyumba upate habari?

Vidude vingi vya Wi-Fi vinavyochomekwa chini ya inveta hutuma takwimu kwenye seva ya mtengenezaji kila baada ya dakika 5, na mfumo wako hulazimika kuzifuata huko huko. Birika la umeme la kilowati 2 huchemsha maji kwa dakika 3 au 4, maana yake linaweza kuwaka na kuzima kati ya vipimo viwili bila kuonekana popote. Hita ya kilowati 2 inayoendelea kuwaka kwa dakika 5 baada ya jua kufichwa hutumia takriban 0.17 kWh kutoka kwenye betri au gridi, na siku yenye mawingu ya vipande vipande hilo hujirudia kiasi kwamba otomatiki iliyowekwa kuokoa umeme ndiyo inayoumaliza. Kuiamuru Home Assistant iulize kila sekunde 10 hakusaidii, kwa kuwa itapewa namba ile ile hadi desimali ya mwisho mpaka dakika 5 zitimie, na seva inaweza kuchoka na maswali yako ikakufungia.

Kinachoudhi zaidi ni picha ya kwenye simu. Programu nyingi za watengenezaji huchora paneli, betri na nyumba, kisha huweka vidoti vinavyotiririka kutoka kimoja hadi kingine, kana kwamba unautazama umeme wenyewe ukipita. Vidoti hivyo hutembea hata kama namba iliyo kando yake imepitwa na wakati, na ndivyo muuzaji anavyokuonyesha huku akiapa kwamba kila kitu ni cha papo kwa papo. Mwombe awashe mzigo mkubwa, kisha weka simu kando ya kioo cha inveta. Kioo kitabadilika hapo hapo. Simu itaendelea kurusha vidoti juu ya namba ya zamani.

Nafasi ya kwanza naipa Victron, na sifichi kwamba naipendelea. Inveta ya MultiPlus-II iliyounganishwa na Cerbo GX, kifaa chake cha mawasiliano, hutoa takwimu ndani ya mtandao wa nyumbani kwa Modbus TCP na kwa MQTT, ambazo ni lugha mbili za vifaa kupeana habari, na mabadiliko hufika kwa muda wa sekunde moja hivi, intaneti iwepo au isiwepo. Orodha ya rejista zake, yaani namba za mahali kila kipimo kinaposomwa, imechapishwa hadharani, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kawaida lakini si la kawaida hata kidogo. Programu inayoendesha GX, Venus OS, unaweza kuiweka bila malipo kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pamoja na adapta ya MK3-USB ya kuiunganisha na inveta, ingawa kwa njia hiyo hutapata msaada rasmi. Angalia jambo moja linalowababaisha wengi: MQTT ya GX hunyamaza isipopelekewa ujumbe wa kuiamsha ndani ya kila sekunde 60, kwa hiyo ukiona namba zinakuja kwa dakika moja kisha zinakatika, usikimbilie kulaumu waya. Lawama yangu ni kwa wanaoiuza. Inveta, kidhibiti chaji, kifaa cha GX na nyaya za kuviunganisha kila kimoja huwa na bei yake, na muuzaji hukutajia bei ya inveta peke yake, halafu GX, ambayo bila yenyewe habari yote niliyoieleza haipo, huibukia kwenye ankara ya mwisho.

Ya pili ni Fronius. Ina Solar API, lango la programu nyingine kuiuliza takwimu, ambalo hujibu maswali kupitia mtandao wa nyumbani, na Home Assistant huisoma mtiririko wa umeme kila baada ya sekunde 10 hivi, kasi inayotosha kabisa kwa hita na pampu. Katika inveta mpya za GEN24 lango hilo huja limezimwa, hivyo ingia kwenye mipangilio uliwashe. Usisahau pia kwamba bila Smart Meter, mita yake ya kupima umeme wa nyumba, inveta hiyo inajua inachozalisha lakini haijui nyumba inatumia nini, na otomatiki isiyojua matumizi haiwezi kujua ziada.

Ya tatu ni Deye na ndugu yake Sunsynk, ambayo hutengenezwa na Deye, lakini kwa sharti kwamba uunganishe waya wa RS485 (waya wa data unaotoka moja kwa moja kwenye inveta) na uachane na kidude cha Wi-Fi. Kwa waya huo na bodi ndogo ya ESP32 iliyowekwa programu ya ESPHome ya kupeleka namba kwa Home Assistant, au adapta ya USB, utasoma rejista kila baada ya sekunde chache. Hapa umakini unahitajika, kwa sababu tundu la RS485 na tundu la kuwasiliana na betri yana umbo moja la RJ45, kama la waya wa mtandao wa kompyuta, na mpangilio wa pini hutofautiana kati ya modeli. Fuata kitabu cha modeli yako, usifuate rangi za nyaya. Ukibadilisha A na B, nyaya mbili za RS485, kwa kawaida hakuna kinachoungua, inveta haijibu tu. Waya ukishatosha, kidude mimi hukichomoa kabisa ili inveta isifikiwe kutoka mbali: Novemba 2024 iliripotiwa kwamba baadhi ya inveta za Deye nchini Marekani ziligoma, zikaonyesha kwenye kioo ujumbe kwamba haziruhusiwi kutumika huko.

Huawei na SolarEdge naziweka pamoja katika nafasi ya nne, kwa kuwa zote zina Modbus TCP, na zote hukubali msikilizaji mmoja kwa wakati. Ukiwa na chaja ya gari inayosoma inveta hiyo hiyo, mmoja wao atakosa habari, na pengo hilo utaliona kwenye grafu kabla hujalielewa. Kwa SolarEdge, usidanganywe kwamba API ya seva yao, yaani lango la kuiuliza takwimu, inatosha: inaruhusu maombi 300 kwa siku, yaani moja kwa karibu kila dakika 5 ukiyagawa sawasawa.

Enphase ingekuwa juu zaidi kama si programu yake ya toleo la 7, ambayo inadai tokeni, yaani msimbo wa ruhusa, kutoka kwenye akaunti ya mtandaoni ili usome kifaa kilicho ukutani mwako mwenyewe. Tokeni ya mwenye nyumba hudumu mwaka mmoja.

Kuhusu za bei nafuu sina mengi. Growatt kwa njia ya kawaida hupitia seva. Zile za aina ya Axpert, zinazouzwa kwa majina mengi, hutumia waya wa mfululizo wa kasi ya biti 2,400 kwa sekunde, na cha kuchekesha ni kwamba jibu lake hufika chini ya sekunde moja, likiishinda mashine ya fahari yenye programu ya vidoti. Jibu la amri yake ya kawaida, hata hivyo, halina jumla ya kWh, hivyo utalazimika kuuachia mfumo wako ukokotoe jumla hiyo kutokana na wati.

Baada ya inveta, kuna fundi. Wapo mafundi wanaofungua akaunti kwa barua pepe yao, wakabaki na nywila ya kiwango cha msimamizi, kisha wakakutoza kila unapotaka Modbus iwashwe, kazi ya kubonyeza mara mbili. Andikeni kwenye mkataba, kabla ya malipo ya mwisho, kwamba nywila zote ni zako, na kwamba mtachomoa waya wa intaneti kwenye ruta mkiacha Wi-Fi ikiwaka, kisha mtazame kama namba zinaendelea kubadilika kwenye mfumo wa nyumba. Fundi akisema jaribio hilo haliwezekani, basi alete inveta nyingine kabla hajapandisha paneli.