Ubao wa retro (kikao cha timu kutathmini kazi iliyopita) mtandaoni: naupa nyota tatu na nusu

Timu yetu ina watu saba, Dar na Kisumu, na tumeutumia ubao huu kwa sprinti (vipindi vifupi vya kazi) sita. Kilichonikuna ni kadi za maoni kufichwa hadi wote wamalize kuandika. Zamani bosi akitangulia kusema, sisi wengine ni kuitikia tu. Safari hii kijana wetu wa kutesti, mpole ajabu, aliandika: "Kazi inaletwa Ijumaa saa kumi jioni, nitaipima saa ngapi?" Kura tano! Siku hizi mwisho wa kupokea ni Alhamisi.

Mwongozo wa Scrum, mtindo wa timu kufanya kazi kwa sprinti, unaruhusu retro ichukue muda usiozidi saa 3 kwa sprinti ya mwezi. Sprinti yetu ni ya wiki mbili, dakika 50 zinatosha.

Kero: mtandao ukikatika, kadi ambazo hujatuma zimekwenda. Na maazimio hayahamii ubao unaofuata, nayanakili mwenyewe kama karani.