Gari ndogo ya kwanza: Toyota IST, Vitz, Passo au Premio? Soma kibati kabla hujaangalia rangi

Mtu akifika yadi swali la kwanza ni cc ngapi, la pili inakulaje mafuta, la tatu bei ya mwisho, basi, imeisha hiyo. Jamani, cc ni ukubwa wa injini tu. Haikwambii gia boksi ni ya aina gani, haikwambii mafuta yanaingiaje kwenye silinda, wala kama gari itapanda mlima Kitonga ikiwa na watu watano na gunia la mchele nyuma. Na majibu karibu yote yapo kwenye gari lenyewe, ni kufungua boneti tu na kusoma.

Kwenye Toyota za Japani kuna kibati kidogo, mara nyingi kimebandikwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, chini ya kioo cha mbele. Futa vumbi usome. Utakuta kitu kama DBA-NCP61: zile herufi za mwanzo ni mambo ya moshi wa kule Japani achana nazo, hiyo NCP61 ndo gari lako hasa. Chini kuna injini, mfano 1NZ-FE na 1496 cc. Afu kuna mstari wa TRANS, huu watu wanauruka na ndo wenye hela yako: ikianza na K (K210, K410) hiyo ni CVT, yaani automatiki isiyo na gia za hatua hatua, ikianza na U au A ni automatiki ya kawaida, C ni manyuo. Ukishajua hilo unajua gia boksi inataka oili gani, maana CVT ikiwekewa ATF, oili ya automatiki ya kawaida, kisa ndo iliyokuwepo dukani, unaiua mwenyewe.

Sasa kwa mtu wa Tanzania anayenunua gari ya kwanza, ya kazini siku za wiki na kwenda mkoani sikukuu, mi napanga hivi.

Namba moja naweka IST ya zamani, ile ya 2002 hadi 2007, lakini ya 1.5 yaani NCP61. Wengi wanakimbilia NCP60 ya 1.3 wakiamini wanaokoa sana mafuta. Angalia speki: ya 1.3 ina farasi 87 na tokyu Nm 121, ya 1.5 ina farasi 109 na Nm 141. Tokyu ndo nguvu ya kuvuta, ndo inayokupandisha mlima bila kukanyaga mpaka injini inalia, na ukiwa unakanyaga hivyo muda wote ile nafuu ya mafuta huioni. Gia boksi ni automatiki ya gia 4, mafundi wengi wanaijua, na spea kwenye maduka ya Gerezani, Dar, hukosi. Ila kuiagiza Japani leo haina maana sana kwa sababu kwa viwango vya TRA vya miaka hii gari iliyozidi miaka 10 inaongezewa 30% ya uchakavu, ndo maana wengi wananunua humu humu, zenye namba ya usajili ya D na kuendelea. Ukikutana na NCP65 hiyo ni fo wili, nzito zaidi na ina difu ya nyuma ya kutunza, kama hukai kwenye matope ya nini?

Ya pili IST mpya, NCP110. Injini ni ile ile 1NZ-FE ila gia boksi ni CVT. Inatembea laini na mafuta inabana vizuri, tatizo lipo kwa aliyeitumia kabla yako, kama hajawahi kubadilisha oili ya gia boksi unanunua ugonjwa. Iendeshe ikiwa ya moto, weka D, kama inatetemeka kuondoka au inalia kama nyuki, ondoka.

Ya tatu Vitz SCP90 ya 1.3, nayo CVT, nzuri tu, buti ndo dogo.

Passo ya 1.0 (KGC10) naiweka ya nne ila kama wewe ni wa mjini mjini tu ipandishe hata ya kwanza. Silinda 3, cc 996, na hapo ndo utamu: ushuru wa bidhaa kwa gari zisizozidi cc 1000 ni 0%, wakati kuanzia 1001 hadi 2000 ni 5%, kwa hiyo 1.3 na 1.5 wanalipa asilimia ile ile. Lakini tokyu ni Nm 94, safari ya Mbeya mkiwa wanne na mizigo utateseka, sikufichi.

Ya mwisho kabisa Premio ya 2.0 yenye maandishi D-4, AZT240. Gari ni nzuri, ndani imetulia, ila D-4 maana yake mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na pampu yake haipatani na mafuta machafu. Unataka Premio tafuta NZT240, ina injini ile ile ya IST ya 1.5.

Kuhusu kilometa kwa lita, ukiona 18 kwenye tangazo imetoka kwenye kipimo cha Japani, 10-15 au JC08, ambacho hakijui foleni ya Ubungo. Mi natoa theluthi ndo napiga hesabu. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani grade ikiwa R au RA gari lilishapata ajali likarekebishwa, na bei iseme hivyo. Matairi nayo soma, pembeni angalia tarakimu 4 za mwisho kwenye namba ya DOT, 1819 ni wiki ya 18 ya 2019, hata kama kashata (michoro ya tairi) bado zinaonekana hilo limeshazeeka.

Kabla ya advansi, namba ya chasis kwenye kibati, iliyogongwa kwenye bodi na iliyopo kwenye kadi ziwe moja. Ikipishana hata tarakimu moja, hela ibaki mfukoni.