UC3842, 43, 44 na 45: muuzaji akikwambia ni zilezile, usikubali

Mambo vipi mafundi, leo mezani nina hizi aisii nne za kuongoza pawa saplai, zile zinazowasha na kuzima mosfeti (swichi ya umeme) haraka haraka, zote miguu minane, nikiziweka hivi mbele ya kamera huzitofautishi mpaka usome namba, na ndo hapo tunapopigwa dukani.

Tuanze na mguu wa 7, ule wa kulishia aisii. 3842 na 3844 haziamki mpaka zione volti 16, zikishaamka zinavumilia mpaka 10 ndo zinazima. 3843 na 3845 zinaamka 8.4, zinazima 7.6. Sasa wewe una betri ya sola ya volti 12 unataka kupandisha iwe 24, ukafunga 3842, utakaa hapo mpaka kesho na aisii ni nzima kabisa! Ukigeuza, 43 kwenye pawa saplai ya umeme wa ukutani inayoanzishwa na rezista, kile kinafasi cha 8.4 mpaka 7.6 ni kidogo mno, kapasita inaishiwa kabla transfoma haijaanza kuilisha, unasikia tik tik tik tu.

Halafu hizi 44 na 45 haziwashi mosfeti zaidi ya nusu ya kila mzunguko, ila 42 na 43 zinafika karibu asilimia 100. Mimi nilishabandika 42 palipokuwa na 44, nikasema si zote zinaamka 16 bwana... mosfeti ikaenda na fyuzi. Kumbe 44 inagawa oscileta (saa ya ndani inayopiga mapigo) kwa mbili, kwa hiyo rezista na kapasita zilezile za mguu wa 4 zinazopanga kasi, kwenye 42 kasi inakuwa mara mbili na transfoma haipati muda wa kupumua.

Mguu wa 3 ndo unafanya nizipende, unapima ampia za mosfeti kila mzunguko kupitia rezista, volti za hiyo rezista zikifika 1 inakata hapohapo, yaani rezista ya omu 0.5 inakata kwenye ampia 2. Ila weka kifilta kidogo pale, rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya pikofaradi 470, la sivyo inakata bure.

Kuna hii mpya UCC28C42, inaanza na umeme kiduchu sana, safi, lakini usiilishe zaidi ya volti 18, wakati zile za zamani zinakula mpaka 30, so pima kwanza kabla hujabadilisha.

Droo yangu mimi: 44 kwa pawa saplai ndogo za ukutani, na 43 kwa mambo ya betri, sio 45, maana kutoka 12 kwenda 24 nusu haitoshi, itakuangusha ukiweka mzigo.